Pamba ya ukutani

Juzi binti yangu alifungua chupa ya vidonge, akachomoa kile kipande cha pamba kinachozibia mdomo, akaniuliza: "Baba, hii inatoka wapi?" Shambani, nikamwambia. Hakuridhika, lakini mimi mawazo yalishafika Bronx, New York, kwenye posta ya Grand Concourse, baridi ya 1998.

Nilikwenda kumtumia mama barua. Foleni ndefu, viatu vimelowa theluji. Nikainua macho, nikamwona: mtu wa shambani, amechorwa ukutani kwenyewe, mikono yake mikubwa kweli kweli, anachuma pamba. Vidole vikaanza kuniwasha. Ncha za vitumba vikavu zinachoma, aliyechuma anajua. Nikamsikia mama, Shinyanga, nyuma yangu kwenye mstari wa pamba: "Taratibu mwanangu, usichanganye fifi, ile chafu, na safi." Aliyenifuata kwenye foleni alinigusa bega mara mbili. Nikampisha, nikabaki chini ya ukuta, barua mkononi.

Baadaye nikasoma habari zake. Michoro 13, kazi ya Ben Shahn na Bernarda Bryson, 1939. Uchumi ulikuwa umeanguka, watu hawana kazi, na Hazina ya Marekani ikawa inatenga kama asilimia 1 ya gharama za jengo jipya kwa ajili ya sanaa. Ndivyo posta zilivyopata michoro, hata za miji midogo kabisa. Shahn mwenyewe alizaliwa Lithuania, akapelekwa Marekani akiwa mtoto. Mwaka 1935 alikuwa Arkansas na kamera yake, akiwapiga picha wachuma pamba. Alisimama mashambani kwanza. Nampenda kwa hilo.

Barua sikuituma siku ile. Nilirudi nayo, nikaongeza ukurasa mzima juu ya mtu yule.

Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi, kwa mwandiko wa kaka. Salamu, mvua, ng'ombe. Kisha maneno ya mama, ambaye msimu mmoja nilimwona akirudi kutoka kwenye mizani na pesa isiyofika bei ya jembe: "Umesema serikali ilimlipa aliyechora. Na huyo anayechuma, kilo alilipwa ngapi?"

Nilirudi posta, nikasimama tena chini ya ile mikono. Mama sikuwahi kumjibu.