Mwana wa Dracula alikuwa mlinzi wa usiku

Jumanne ndiyo siku yangu ya mapumziko. Ile iliyopita niliingia jumba dogo la sinema mtaa wa Quartier Latin, hapa Paris, kuona filamu ya mwaka 1976, Dracula père et fils, yaani Dracula baba na mwanawe. Aliyeiongoza ni Édouard Molinaro, na Dracula, mnyonya damu wa hadithi, ni Christopher Lee, yule Mwingereza mrefu aliyeanza kuvaa joho hilo mwaka 1958. Humu anazungumza Kifaransa kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, kila neno likisikika. Mimi niliyejifunza lugha hii ukubwani nilimshukuru.

Nimekulia Tanga. Bibi alituonya kwamba mtoto wa kuzurura magharibi atakamatwa na mumiani, akamuliwe damu. Gari la zimamoto, tuliloamini ni lao, likipita, tunaingia uvunguni mwa kitanda. Kwa hiyo wanyonya damu sikuwazoea kwa kicheko, na filamu hii ni ya kuchekesha. Nilicheka, mpaka Ferdinand, mwana wa Dracula, alipofika Paris.

Kisa ni hivi: wakomunisti wanawatimua baba na mwana kwenye kasri lao, wanabeba majeneza yao, wanapoteana njiani. Baba anaibukia London, anakuwa nyota wa sinema za kutisha. Mwana anatua Paris hana mbele wala nyuma, na kazi anayoipata ni ulinzi wa usiku.

Hiyo ndiyo kazi yangu, mwaka wa sita sasa. Narudi alfajiri wenzangu wakienda kazini. Chumba ni mita tisa za mraba. Kingo za pazia nimezibandika ukutani kwa utepe wa gundi, maana jua la Juni hapa linawaka mpaka saa nne usiku. Bernard Menez anamwigiza Ferdinand kwa uso wa mtu anayeomba radhi kabla hajakosa. Hana moyo wa kumuuma mtu, basi njaa inamkondesha. Wametoka nyumba moja, lakini ughaibuni umemtandikia baba zulia, mwana umemkabidhi zamu ya usiku. Ndugu wa namna hiyo nawajua wengi.

Jumatano mchana mama alipiga simu.

"Mbona sauti nzito, mwanangu, nimekuamsha?"

Nikamsimulia filamu yote, nimelala gizani, simu sikioni. Mama akanyamaza kidogo.

"Na huyo kijana, mwishowe alipata chakula?"