Kutoka Syokimau Hadi Ngamani: Kupanga Maabara na Vitanda Melini

Safari ya maabara yetu ya meli ya utafiti ilianzia sakafuni, kwenye ghala la Industrial Area, Nairobi. Kabla seremala hajagusa msumeno, tulichora chumba kizima kwa utepe wa gundi, kwa vipimo tulivyovichukua melini wenyewe, kisha tukapita kati ya mistari tukiwa na ndoo mkononi. Sentimita 60 kati ya meza na meza humtosha mtu aliyesimama nchi kavu. Mwenye ndoo kwenye chombo kinachoyumba anahitaji 80.

Meza tulizitengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18, kimo sentimita 90 kwa kuwa kazi nyingi hufanywa kwa kusimama, na pembeni tukapigilia ukingo wa sentimita 4 wa kuzuia chupa. Gundi tuliikwepa. Kila kiungo ni boliti na nati, ili meza ifunguliwe na ipite milango ya meli vipandevipande. Meli nyingi za utafiti hazikuzaliwa kuwa za utafiti: Mtafiti yetu ya Kenya, yenye urefu wa mita 56, ilianza Ubelgiji kama chombo cha marubani wa bandari. Kwa hiyo pima mlango, pima kona ya ngazi, halafu ndipo ununue friza. Muulize pia fundi mitambo wa meli kuhusu umeme. Kenya tunatumia umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde; meli nyingi huzalisha 60, na kompresa iliyoundwa kwa 50 itazungushwa kasi kuliko uwezo wake.

Mbao na fomalini, kemikali ya kuhifadhia sampuli, zilishuka Mombasa kwa lori, zikapita mizani ya Mlolongo na ya Mariakani. Sisi tulipanda treni Syokimau tukiwa na sanduku la chupa tupu za sampuli, zimefungwa kikiki. Kosa lenyewe ndilo hilo. Hewa ya Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ni nyepesi. Ukiifungia chupani ukateremka nayo, hewa nzito ya pwani huibana chupa kutoka nje. Tulipofika Voi mbavu za plastiki zilikuwa zimeanza kubonyea, na Miritini tulitoa chupa zilizosinyaa kama maembe makavu. Tulipolegeza vifuniko zilivuta pumzi, nyingi zikarudia umbo. Fungeni vifuniko mkifika.

Unyevu nao haukutuacha. Droo zilizoteleza vizuri Nairobi zilikwama baada ya siku mbili Kilindini, mbao zimevimba. Ilibidi kupiga randa milimita 3 kila upande na kupaka vanishi kingo zote, hata zile zisizoonekana. Tungeacha nafasi hiyo tangu mwanzo tungeokoa mchana mzima wa jua la gatini.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa hadubini ni kweli tupu: katikati ya meli, chini, ndipo panapoyumba kidogo kuliko kote. Maabara ya maji, ambamo sampuli mbichi hupokelewa, iwe karibu na winchi, sitahani, ili sampuli zisimwagike ushorobani. Fomalini ikae nje, kwenye kabati lenye kufuli, mbali na matundu ya hewa ya vyumba vya kulala.

Vitanda tuligawa kwa zamu. Saa 4 za kazi, saa 8 za mapumziko, na wa zamu moja walale chumba kimoja. Ukichanganya zamu, kila mara kuna anayewasha taa mwenzake akiwa usingizini. Wepesi wa kutapika wapewe vyumba vya katikati, hasa msimu wa kusi, bahari ikichafuka. Kila kitanda kiwe na pazia na ubao wa kumzuia mtu asianguke.

Jioni ya mwisho gatini tulitikisa kila meza kwa mikono miwili. Iliyocheza hata kidogo ilikazwa upya, na mbili zilicheza.