Mji Mkongwe hauuliwi na hoteli, unauliwa na mvua

Kila ikisikika nyumba nyengine ya Mji Mkongwe inageuzwa hoteli basi hapa Unguja tunagawika mapande mawili, hawa wanalia urithi unauzwa kwa wazungu, wale wanasema waacheni wawekezaji waje si mnaona majumba yanavoanguka, tunagombana wee mpaka tunachoka, tunasahau, tunangoja nyumba nyengine. Mie haya mabishano yashanishinda, maana wote wanaongea kama vile nyumba ina njia mbili tu, iwe hoteli au iwe gofu.

Hebu tuangalie nyumba zenyewe zinakufaje. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na dari zimebebwa na boriti za mikoko, ndio maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu vyembamba, boriti haifiki kuvuka chumba kipana. Ukuta wa namna hii ukipata unyevu kidogo unautoa wenyewe, hauna shida, miaka mia na hamsini umesimama. Shida ni maji ya juu. Bati likitoboka au mchirizi ukiziba, mvua inashuka ndani ya ukuta inaosha chokaa kidogo kidogo, kichwa cha boriti kinaoza pale pale kilipoingia ukutani ambapo hukioni, na siku moja dari inashuka na vitu vyake. Halafu kuna dawa yetu maarufu, fundi anakuja anapiga plasta ya saruji nje, nyumba inang'ara kama ya bi harusi, kumbe unyevu umefungiwa ndani na chumvi inayatafuna mawe, baada ya muda plasta inabanduka pande zima pamoja na mawe yake. Chokaa ingefanya kazi vizuri zaidi lakini chokaa inataka kulowekwa, inataka kungojewa, inataka fundi anaejua, na saruji ipo dukani pale Darajani.

Sasa paa atatengeneza nani? Suali hili ndio kila kitu, na hatuliulizi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yalichukuliwa na serikali yakatiwa watu, nyumba iliyojengwa kwa familia moja ikawa na familia nne tano, kila mmoja na chumba chake na jiko lake. Nyengine ni za wakfu. Kodi ni ndogo, na mie sisemi ipandishwe, ikipandishwa wote watahamia Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, na huko ng'ambo ya Ng'ambo, ila kodi ile hainunui bati. Wa chini kafungua duka, paa halimuhusu. Wa juu anavujiwa, anatega ndoo. Na usidhani nyumba za watu binafsi ziko salama, hizo zina mirathi, warithi chungu nzima, mmoja Muscat mwengine Dubai wengine London na Toronto, kila mtu anaijua haki yake lakini hakuna anaetaka kutuma pesa ya boriti kwa nyumba ambayo fungu lake ni kijipande cha ukumbi. Anakuja mtu na dola taslimu, wote wanatia saini kwa wepesi ambao hujapata kuuona kwenye ukoo ule. Tunabaki kushangaa wameuzaje!

Hoteli nayo, tuseme kweli, paa inatengeneza. Mgeni hatolala chini ya ndoo. Mlango wa kuchonga unasafishwa, roshani inarudishwa, nje ukipita unasema mashaallah. Ndani ndio kwenye mambo, maana nyumba iliyokuwa na choo kimoja inatiwa vyoo kumi na tano, kila chumba bafu lake, mabomba yanatoboa kuta zilizojengwa zikae kavu, na juu ya paa yanapandishwa matangi ya maji ambayo boriti za mikoko hazijapata kuyabeba. Bomba likivuja ndani ya ukuta ni mvua ile ile tu, tofauti hii haina msimu. Na baraza! Baraza ya nje inawekwa mito na meza, wazee waliokuwa wakikaa hapo na kahawa yao hawafukuzwi na mtu, hapana, ila hakuna anaekaa tena.

Mambo Msiige pale Shangani ndio mfano unaojulikana. Jengo la karne ya 19, lilikuwa ofisi za serikali, hoteli ikafunguliwa 2015, na ugomvi mkubwa haukuwa jengo la kale, ulikuwa jengo jipya lililosimamishwa ubavuni kwake ufukweni, mpaka UNESCO ikapiga kelele. Mji uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, kwa hivo sheria na watu wa kuzisimamia tunao.

Ila wanaosema tusiwape wafanyabiashara, tuzifanye makumbusho, nawakumbusha Beit el Ajaib. Sultani Sayyid Barghash kaijenga 1883, nguzo za chuma, baadae umeme na lifti, hakuna jengo maarufu kuliko hilo hapa kwetu, halikuwa hoteli hata siku moja, lilikuwa makumbusho. Tarehe 25 Disemba 2020 upande mzima ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, watu wawili wakafa, tena wakati ule ule linatengenezwa kwa pesa za Oman. Miaka kabla kipande kilishaanguka likafungwa. Kila mtu alilipenda.

Kwa upande mwengine ile Dispensari ya zamani pale karibu na bandari, ya kina Tharia Topan yule mfanyabiashara, ilikuwa hali mbaya, watu wa Aga Khan wakaitengeneza miaka ya tisini kwa mafundi waliofunzwa kazi ya chokaa na mbao, na mpaka leo imesimama na unaingia tu. Inawezekana. Ghali, lakini inawezekana.

Mie ningefanya hivi. Mgeni anaelala hoteli hapa analipa tozo kwa kila usiku, basi sehemu ya ile ya Mji Mkongwe itiwe mfuko wa mapaa, mapaa tu, usiguse rangi wala mlango, bati na mchirizi na vichwa vya boriti, kwa nyumba zenye watu wanaoishi, za serikali na za wakfu, na zile za mirathi kwa sharti kuwa haziuzwi miaka kadhaa. Najua watasema pesa zitaliwa. Huenda zikaliwa. Ila paa huwezi kuliandika kwenye ripoti kuwa limetengenezwa na huku watu wanaoishi chini yake wamelowa, watasema. Na wakianza waanzie mitaa ya Malindi na Kiponda, Shangani ishajiweza.