Kutoka Tabora hadi Gombe kwa Njia ya Wadudu

Shati la buluu liliachwa Tabora mjini. Msafiri anayekwenda Kigoma kwa kupitia mapori huulizwa kama ana maji na nauli. Rangi ya nguo haulizwi mpaka aumwe. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi. Nyuki hukasirishwa na nguo nyeusi au yenye manyoya, maana nyegere anayevunja mizinga yao ndivyo alivyo. Kwa hiyo tulifunga suruali za kaki, mashati meupe yaliyochakaa na soksi ndefu, tukashuka kwanza kusini hadi mapori ya Sikonge kabla ya kugeukia magharibi.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba na mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Kwa anayependa wadudu, huo ndio wakati wa njia hii. Asali ya maua ya mti wa mtundu iko kwenye masega, kumbikumbi wako mlangoni wakisubiri jioni yenye unyevu, na kule Gombe sokwe wako kwenye msimu wa kuvua mchwa.

Tulifika kambi ya warina asali asubuhi. Tulimwamkia mzee wa kambi kwa "Mwangaluka", akaitikia, halafu akatuuliza: "Wanangu, mmekula ndizi leo?" Hakuwa na nia ya kutukaribisha chakula. Nyuki anapochoma huacha harufu ya kuwaita wenzake, na ndani ya harufu hiyo mna kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Ukisimama karibu na mzinga mdomo ukinuka ndizi, ni kama umepiga mbiu ya hatari. Ndiyo maana pia mwiba ukikuingia hukwanguliwa kwa ukucha papo hapo: mfuko wa sumu huendelea kusukuma hata nyuki mwenyewe akishakatika, na mahali paliponuka huchomwa tena.

Mizinga mingi ya zamani hapo ni ya magome. Fundi huchagua mtundu au muba wenye shina lililonyooka, hukata duara mbili kwa shoka, moja juu na moja chini, zikiachana mita moja na zaidi kidogo. Kisha huchana mstari mmoja wima na kulibandua gome zima kwa kabari. Hulifunga tena kama bomba kwa vijiti na kamba, huziba ncha zote mbili, na kulining'iniza juu ya mti. Ni mzinga mwepesi, haugharimu hela, na nyuki huupenda. Lakini mti uliovuliwa gome kwa duara hufa, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome. Unaua mti unaokupa maua ili upate chombo cha kuwekea asali ya maua hayo. Tulipita katikati ya mitundu mitatu iliyosimama mikavu, na hatuoni namna ya kuitetea kazi hiyo wakati mbao zipo.

Mzinga wa mbao wenye viunzi nao una masharti yake. Viunzi ni vile vipande vya mbao vinavyopangwa juu, nyuki wakaning'iniza sega moja kwa kila kimoja. Kwa nyuki wetu wa Afrika, upana wa kiunzi ni milimita 32. Fundi akikata 38 kwa sababu mbao ilikuja hivyo, nyuki hawatajali viunzi vyake: watapima nafasi yao wenyewe, na sega la tatu au la nne litakuwa limeshavuka na kushika viunzi viwili. Siku ya kurina, ukiinua kimoja unararua viwili, asali inamwagika, majana, yaani watoto wa nyuki, yanadondoka, na kundi zima linakutokea. Ukiona masega yamejengwa kwa kupishana, lawama ziende kwa rula.

Mlango nao hupimwa. Mwanya wa milimita 8 hivi humtosha nyuki kibarua na dume, ila humzuia mgeni mmoja wa ajabu: nondo mnene mwenye alama kama fuvu la mtu mgongoni. Nondo huyu huingia mzingani usiku kuiba asali. Ulimi wake ni mfupi na mgumu, umeumbwa kutoboa vifuniko vya nta, na mwili wake hutoa harufu zinazofanana na za nyuki, hivyo hutembea katikati ya maelfu ya walinzi bila kutambuliwa upesi. Mzee alituonyesha mmoja aliyekufa kwenye sakafu ya mzinga wenye mlango uliopasuka, mwili umefungwa kwa gundi ya nyuki kwa sababu walishindwa kumburuta nje. Akiwa hai, ukimshika hulia kwa sauti ya panya. Wapo wanaomwogopa kama mkosi, na tunamsikitikia, maana hana sumu wala hachomi.

Kurina kulianza jua likizama. Mchana nyuki humfuata mtu mbali. Gizani wanatambaa zaidi kuliko kuruka. Tochi ilivikwa kitambaa chekundu, kwa kuwa nyuki haoni nyekundu. Ndani ya bomba la moshi kulikuwa na magunzi ya mahindi na gome lililooza. Kamwe usitie plastiki wala kitambaa chenye mafuta ya taa, asali itanuka hivyo hivyo hadi mezani. Mzee alipuliza mara tatu mlangoni, akangoja kama dakika mbili. Moshi hufunika ile harufu ya hatari, na nyuki huanza kunywa asali kana kwamba moto wa pori unakuja; akishashiba hachomi kwa urahisi.

Kisha akagonga viunzi kwa kifundo cha kidole, kimoja baada ya kimoja. Kilicho kitupu hulia wazi, chenye sega hulia zito. Alianzia upande ulio mbali na mlango, kwa sababu majana hukaa karibu na mlango na asali hurundikwa nyuma. Sega la kwanza liliinuliwa taratibu, likishikwa wima muda wote: sega jipya likilazwa ubavu hukatika kwa uzito wake. Robo tatu ya vyumba ilikuwa imefunikwa kwa nta nyeupe, hiyo ikakatwa. La pili halikufika nusu. Alilitikisa kidogo, matone yakaruka, akalirudisha. Asali mbichi ina maji mengi, na yakizidi asilimia 20 hivi, hamira za asili huamka na ndoo huanza kutoa povu baada ya wiki chache. Mrinaji anayekata kila sega ili ndoo ijae haraka ndiye anayeuza asali chachu.

Masega yenye majana na chavua hayakuguswa. Kwenye kila kiunzi kilichokatwa, kisu kiliacha ukanda wa nta wa sentimita moja ili nyuki waanzie hapo. Asali ilichujwa usiku kucha kwa kitambaa safi ndani ya ndoo ya plastiki ya chakula. Debe la bati halifai, asidi ya asali hula chuma. Na haikupelekwa jikoni, hata kidogo. Asali ya Tabora ina sifa mbaya ya kunuka moshi katika masoko ya mbali, na tukiionja ile ya usiku huo, nyepesi na yenye harufu ya maua, tuliona wazi kwamba kosa halikuwa la nyuki wala la pori.

Kutoka hapo tukageukia Kaliua, na mbung'o wakaingia kwenye gari. Huja gari likiwa linatembea, maana hukimbilia kitu kikubwa chenye giza kinachosogea, wakidhani ni nyati. Ukisimama kabisa hupungua. Kumtambua ni rahisi akitua: mabawa hulala moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mdomo hutokeza mbele ya kichwa. Kofi halimuui, mwili wake ni bapa na mgumu. Mbane kwa kidole umsage.

Uzazi wake ndio wa kustaajabisha. Mbung'o hatagi mayai. Jike hubeba funza mmoja tumboni, humnyonyesha kwa maziwa ya tezi zake, na kila siku 9 au 10 huzaa mmoja aliyekomaa, ambaye hujichimbia udongoni na kugeuka bundo, hatua ya mwisho kabla ya kutoka na mabawa. Mdudu anayezaa kidogo hivyo hudhibitiwa kwa kuwatoa majike wachache kila siku, na ndiyo kazi ya vile vitambaa vya buluu na nyeusi vilivyosimama kando ya njia. Buluu humwita kutoka mbali, nyeusi humshawishi atue, na dawa iliyo kwenye kitambaa hummaliza. Kitambaa kikizidiwa na majani hakionekani. Kikipauka kwa jua hakiiti. Na kikiibwa ili kushonea mfuko, kijiji kizima kinapoteza kinga. Tuliviona vya aina zote tatu.

Unguja ilitangazwa kuwa haina tena mbung'o mwaka 1997. Madume waliofugwa Tanga waliondolewa uwezo wa kuzalisha kwa mionzi, wakamwagwa kutoka angani, na kwa kuwa jike hupandwa kwa kawaida mara moja tu, aliyekutana nao hakuzaa tena. Huku bara, pori ukilisafisha leo, kesho wanaingia wengine kutoka pori la jirani.

Anayepata homa na kichwa kikali baada ya kupita huku, hasa akiwa na uvimbe mahali alipoumwa, akimbilie hospitali na aseme waziwazi kwamba alikuwa porini, ili damu ipimwe malale pamoja na malaria. Malale ya upande huu haingoji. Kwa ng'ombe na punda ugonjwa wa mbung'o ni nagana, nao ni sehemu kubwa ya sababu ya mizigo ya pembe na vitambaa kati ya Tabora na Ujiji kusafirishwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi. Mnyama wa kubeba hakudumu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ndipo mdudu huyu akaondolewa kwenye hesabu ya nauli.

Tulipanda treni Kaliua. Nguruka mvua ilikuwa imekatika muda mfupi, na taa ya stesheni ilizungukwa na kumbikumbi kama vumbi. Watoto walikuwa wameweka beseni la maji chini yake: kumbikumbi huona mwanga ndani ya maji, hutua, mabawa hushika, basi. Aliyetua chini huyaangusha mabawa mwenyewe, yanakatikia kwenye mshono uliokwisha kuandaliwa. Kisha jike hutembea, dume nyuma yake akimgusa, hadi wachimbe shimo lao. Dume wa nyuki hufa akishapanda. Dume wa mchwa hubaki kuwa mfalme, chumba kimoja na malkia, miaka na miaka.

Jikoni kumbikumbi hawahitaji mafuta. Wakaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga mpaka mabawa yaachane, pepeta kwa ungo, rudisha na chumvi. Moto mkubwa huunguza nje kabla mafuta yao hayajatoka, wakawa wachungu.

Kutoka Kigoma tulichukua boti Kibirizi, tukifuata ufuko kwenda kaskazini hadi Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968. Novemba 1960 mtafiti wa sokwe Jane Goodall alimwona hapa sokwe aliyempa jina David Greybeard akivua mchwa kwa kijiti, na watu wakalazimika kufikiri upya juu ya nani anatengeneza zana.

Tulimwona jike mmoja kwenye kichuguu. Alikwangua udongo kwa kidole pale mchwa walipoziba njia ya kumbikumbi, akachagua unyasi, akaung'ata ncha iliyopinda. Aliuingiza akiuzungusha kufuata kona za njia, akautikisa kidogo, akangoja. Askari wa mchwa huuma kinachoingia na hawaachii. Akauvuta polepole, kwa sababu ukiuvuta kwa pupa kuta huwakwangua wote. Askari sita walitoka wamening'inia, akawapitisha mdomoni. Mwanawe wa kike alikaa kando akimtazama mkono. Watoto wa kike hujifunza mapema kuliko wa kiume, ambao huondoka kwenda kucheza. Geza Teleki, mtafiti aliyefanya kazi hapa, alijaribu kwa miezi kadhaa kuvua kama wao, na aliambulia kidogo sana.

Walipoondoka, kiongozi wetu alituruhusu kusogea. Nyasi nne zilikuwa zimetupwa, mbili zimeng'atwa ncha zote mbili. Ndani ya tundu askari walisimama wamezunguka ukingo, meno nje, na kati yao vibarua wasio na macho walikuja kila mmoja na chembe ya udongo uliolowa, akaibandika, akageuka. Tulipoitwa turudi kwenye boti, tundu lilikuwa limebaki dogo kuliko punje ya mtama.