Nilivyopanga kijitabu cha matabano hadi kikasomeka mezani

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika katikati ya pambano, tukabaki na tochi ya simu, na bado kila mchezaji alipata tabano lake, yaani uchawi anaourusha mhusika wake, bila kuuliza. Kijitabu nimekipanga mimi, kurasa 24, na ninajivunia. Toleo la kwanza lilikaribia kutumalizia wahusika wote.

Tuko watano, tunacheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu) kwa Kiswahili, hapa Sinza, Dar es Salaam. Sheria za msingi zilitolewa Januari 2023 chini ya leseni huria ya Creative Commons, kwa hiyo mtu anaruhusiwa kuzitafsiri ilimradi ataje chanzo. Nikachukua matabano sitini hivi tunayoyatumia zaidi, nikayatafsiri. Kazi ilianza pale nilipotaka kuyaweka kwenye karatasi.

Jamaa mmoja anayeifahamu kazi ya vitabu alinishauri: "Kaka, weka jedwali, kila tabano mstari wake." Nikamsikiliza, na wiki mbili zikapotea. Jedwali linafaa kwa bei za silaha. Tabano lina maelezo, na maelezo ya Kiswahili yana maneno marefu: weka "watakaoshindwa kujinusuru" kwenye safu ya upana wa vidole viwili uone. Mpira wa Moto peke yake ulishuka hadi nusu ya ukurasa, huku safu ya umbali pembeni ikiwa na namba moja na weupe mtupu. Huyo huyo ndiye aliyenipa fonti yenye miiba, eti ifanane na uchawi. Herufi u na n hazikutofautiana.

Nikatupa jedwali, nikaandika kwa aya, nikapeleka steshenari. Kutoa nakala tano na kuzibana pini kulinigharimu elfu ishirini na kitu. Jumamosi iliyofuata mchawi wetu akarusha Mpira wa Moto kwenye kundi la majitu. Akasoma kwa sauti hadi mwisho wa ukurasa: kila aliyemo ndani ya duara ajinusuru kwa Wepesi (arushe dadu kuona kama atakwepa), akishindwa anapata madhara ya 8d6, yaani jumla ya dadu nane za pande sita. Majitu matatu yakafaulu. Mwendeshaji wa mchezo akasema, basi, hayakupata kitu. Tukapigwa karibu saa nzima, mganga wetu akaanguka, mimi nikabaki na uhai wa pointi mbili. Ndipo dada aliyekaa upande wa pili akageuza karatasi kutafuta tabano lake, akasoma mstari wa juu: "au nusu ya madhara hayo akifaulu." Yale majitu yalipaswa kufa zamu ile ile. Nilikasirika mno, kwa sababu kila neno la sheria lilikuwemo, nami ndiye niliyeikata sentensi katikati.

Usiku ule nilirudi kwenye LibreOffice, programu ninayopangia kurasa. Mtindo wa aya una chaguo la kuzuia aya isikatwe, na jingine la kukishikamanisha kichwa na aya inayofuata. Yawashe yote mawili kwenye mtindo wenyewe. Ukihangaika na aya moja moja utachoka. Chini ya kurasa patabaki nafasi tupu. Usizijaze picha. Wenzangu wanaandika humo kwa penseli.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikushauriwa na mtu: nikakaa mchezo mzima nikitazama vidole. Mchezaji akifungua tabano, kidole kinatafuta nini kwanza? Kila mara kilikuwa umbali, kisha anayelengwa ajinusuru kwa nini, kisha dadu ngapi. Toleo la mchezo la mwaka 2000 lilikuwa na mstari wa kujinusuru pale juu; kwenye toleo la 2014 umefukiwa ndani ya maelezo. Nikaurudisha. Sasa inasomeka hivi:

MPIRA WA MOTO
Daraja la 3
Kutabana: tendo 1. Umbali: miraba 30. Hudumu: papo hapo.
Kujinusuru: Wepesi; akifaulu, nusu.
Madhara: 8d6, moto. Duara: miraba 4 kutoka katikati.

Maelezo yanafuata chini: moto unavyopinda kona, vitu visivyobebwa na mtu vinavyoshika moto. Wino mzito ni kwa jina na dadu tu. Umbali nimeuandika kwa miraba kwa sababu mezani tunahesabu miraba, futi tano kila mmoja. Ile d nimeiacha, maana hata kwetu ni dadu.

Mwanzoni nilikuwa nimeandika "muda wa kutabana" na "muda wa kudumu", na watu wakachanganya kila mara kwa kuwa jicho linaona "muda" na kusimama hapo. Weka neno linalotofautisha mbele. Neno ngazi pia nililitenga: mhusika ana ngazi, tabano lina daraja. Kiingereza kinatumia neno moja kwa vyote viwili, na wanaoanza hupotea hapo hapo. Na kwenye viungo vya Mpira wa Moto, pamoja na kinyesi cha popo, andika salfa. Mimi niliandika kiberiti, mchezaji akadai anacho mfukoni, njiti arobaini.

Mpangilio wa alfabeti ndio ulionikosesha usingizi. Nilikuwa nimeyaita matabano kwa vitenzi, Kuponya, Kulaza, Kuona, Kuruka, na zaidi ya ishirini yakarundikana kwenye K. Nikayageuza majina: Tiba ya Majeraha, Usingizi, Ngao. Hata hivyo M ikajaa, mishale na miale na mwanga. Suluhisho likawa kuyagawa kwa daraja kwanza, alfabeti baadaye, na daraja kuchapwa pembeni mwa ukurasa palipo rahisi kuonekana ukipekua kwa kidole gumba.

Yule dada aliyegeuza karatasi ndiye niliyempa nakala ya kwanza ya toleo jipya. Nikamtajia Ngao, akaifungua kabla sijamaliza kuvuta kiti.