Keshaandikwa maelezo? Ninavyomfikia mtuhumiwa kituoni hapa Pemba

Simu ya jamaa huja na maneno yale yale: kachukuliwa, na hatujui kapelekwa wapi. Mimi ni wakili, nafanya kazi Chake Chake, na kwa simu hiyo siulizi kwanza mtu katuhumiwa nini. Nauliza: keshaandikwa maelezo? Karatasi ya maelezo ya onyo, yaani aliyoyasema mtuhumiwa mbele ya polisi baada ya kuonywa, ikishasainiwa, utetezi unaofuata unageuka kazi ya kuizuia karatasi ile isipokelewe. Kesi yenyewe husimama, kesi ndani ya kesi ikafunguliwa, ijulikane kwanza kama mtu alisema kwa hiari. Mzigo wa kuithibitisha hiari hiyo ni wa upande wa mashtaka, lakini chumbani walikuwemo mpelelezi na mtuhumiwa tu, na nguo yenye damu imeshafuliwa zamani. Kwa hivyo nataka nifike kabla.

Kumtafuta kwenyewe kuna ufundi wake. Aliyekamatwa Micheweni anaweza kulala Konde, asubuhi akawa Wete, jioni yuko Chake Chake. Ukiuliza kwa simu utaambiwa "huku hayupo", na pengine anayekujibu hajafungua hata kitabu. Chai haidanganyi. Namwambia mama mtu au ndugu yake apeleke chupa ya chai na mkate kituo cha karibu, ataje jina la mtu, la baba na la babu. Chakula kikipokewa, mtu yupo. Kikirudishwa, anakwenda kituo cha pili. Mwenye sukari au presha apelekewe na dawa pamoja na cheti cha daktari, na jamaa aandike jina la askari aliyezipokea na saa. Daftari hilo la jamaa limewahi kunifaa kuliko kitabu cha kituo.

Ninalowakataza jamaa ni kumtetea kaunta. Mtu akisema kwa huruma, "Afande, mwanangu si mtu wa magendo, zile karafuu aliwekewa tu", ameshamuweka mwanawe na gunia chumba kimoja. Askari anaweza kumuandika mzee huyo shahidi. Salamu, chakula, jina, basi.

Jambo la pili ni saa. Kipimo cha kumfikisha mtu mahkamani ni saa 24, nami nazihesabu tangu alipotiwa mkononi, si tangu jina lake lilipoingizwa kitabuni. Baina ya mawili hayo ndimo usiku mzima unamopotea. Mashahidi wa shamba hawatazami saa ya ukutani, watakwambia "alichukuliwa tunatoka kusali magharibi". Nalipokea hilo na kuligeuza: magharibi yetu huadhiniwa baina ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 jioni, kutegemea mwezi. Naandika tarehe, jina la msikiti, na watu wawili waliokuwepo. Kitabu kikionyesha kaingia kituoni saa 3 asubuhi ya pili yake, pengo lote lile linataka maelezo. Ijumaa ina shida yake: mtu akikamatwa baada ya sala, mahkama imeshafungwa, ataambiwa asubiri Jumatatu. Ndiyo maana Ijumaa mchana siondoki mjini.

Kituoni nakwenda na bahasha moja. Ndani yake mna kitambulisho changu cha uwakili, leseni ya mwaka unaoendelea, na barua nakala mbili yenye mhuri wa ofisi. Barua haizidi nusu ukurasa. Inataja jina la mtuhumiwa, kwamba jamaa zake wameniagiza nimtetee (namtaja jamaa na udugu wao), na maombi matatu tu: kuonana naye faragha, kujulishwa kosa analotuhumiwa, na kuwepo atakapoandikwa maelezo. Nakala moja naiacha, ya pili narudi nayo ikiwa imepigwa mhuri na kuandikwa saa. Mawakili wengi huingia kwa maneno na jina lao kubwa, wakatoka bila chochote cha kuonyesha kwamba walifika. Barua ikikataliwa kupokewa, siondoki nayo tupu. Mbele ya askari mwenyewe naandika mgongoni mwake: imekataliwa saa 9 na dakika 40 alasiri, na namba ya askari iliyo kwenye sare yake. Mara nyingi mhuri hupatikana hapo hapo.

Jibu ninalolipata zaidi si "hapana". Ni "mpelelezi hayupo". Hili lataka subira. Kubishana na askari wa kaunta juu ya haki za binadamu ni kupoteza pumzi, kwa sababu kweli jalada hanalo yeye, na hana mamlaka ya kufungua mlango kwa kesi ya mwenzake. Nauliza maswali ambayo yeye anaweza kuyajibu: mpelelezi ni nani, atarudi saa ngapi, na mkuu wa kituo yupo? Kisha namuomba mkuu wa kituo. Mahabusu wote waliomo sero wako chini ya dhamana yake, awe mpelelezi yupo au kenda Unguja. Nikimpata, naongea kwa heshima na kwa ufupi: "Afande, sijaja kuuona upelelezi, nimekuja kumuona mtu." Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wangu. Hofu yao kubwa ni kwamba wakili ataharibu ushahidi, na kila ninapoonyesha kwamba jalada silitaki, mlango hulainika.

Kuna tatizo moja ambalo wa nje hawalijui. Polisi ni jambo la Muungano, lakini sheria ya mwenendo wa jinai si ya Muungano. Askari aliyesomea Moshi na kufanya kazi Bara miaka kumi, akihamishiwa Wete, anakuja na Sura ya 20, sheria ya mwenendo wa jinai ya Bara, kichwani, pamoja na zile saa nne za mahojiano zilizomo ndani yake. Hapa tuna sheria yetu, Namba 7 ya 2018, na mwendesha mashtaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar. Kwa hivyo natembea na chapa ya sheria ya hapa, nimeikunja ukurasa unaohusika. Simsomei mtu kwa kumkaripia. Namuachia aisome mwenyewe.

Nyuma ya sheria hiyo kuna Katiba ya Zanzibar ya 1984, na kuna Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ambao Tanzania iliuridhia 1984, ibara ya 7 inayotaja haki ya kutetewa na wakili unayemchagua mwenyewe. Naongeza Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 juu ya kazi ya mawakili: mtu aonane na wakili upesi, isizidi saa 48 tangu kukamatwa, na mazungumzo yao yaweze kuonekana na askari lakini yasisikike. Kanuni hizo si sheria ya nchi, na askari mjuzi atakwambia hivyo. Lakini ile "kuonekana bila kusikika" inamtulizia wasiwasi, kwa sababu inampa yeye pia nafasi: asimame mlangoni, atuone. Vituo vingi havina chumba cha mawakili. Nimeshaongea na wateja chini ya muembe uani, askari akiwa hatua kumi, na mazungumzo yakawa ya faragha kuliko ofisi yenye ubao mwembamba.

Nikipewa dakika kumi na tano, tano za mwanzo sigusi kosa. Nauliza: ulikamatwa wapi, na nani, saa ngapi, umekula, umepigwa? Aliyepigwa namuomba anionyeshe, naandika pahala na rangi ya jeraha, na papo hapo naomba PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi kutibiwa, apelekwe hospitali. Jeraha la leo jekundu, kesho kutwa limegeuka rangi, baadaye hakuna. Kisha: umesaini chochote? Karatasi ngapi? Ulisomewa? Watu wengi husema "nilitia saini tu niachwe". Nauliza pia walichokichukua nyumbani, na kama yeye na shahidi walisaini hati ya kuchukuliwa vitu. Gunia tatu zilizochukuliwa zikaandikwa tano, pa kuligundua ni hapo, si mwaka unaofuata.

Mawaidha yangu ni mafupi, maana mtu aliyekosa usingizi hashiki mengi. Jina na anwani, sema. Juu ya tuhuma una haki ya kunyamaza, na kunyamaza si kukiri. Ukiamua kusema, sema kweli tu. Usisaini ambacho hukukisoma au hukusomewa. Pakiwa na kosa, lisahihishwe na utie saini ndogo pembeni ya sahihisho. Nafasi tupu chini ya maandishi ipigwe mstari. Namrejeshea mara mbili, halafu namwambia anirejeshee yeye. Kumfundisha mtu la kusema simo. Siku ya kuhojiwa mahkamani litamsomba yeye na mimi.

Mtoto wa chini ya miaka 18 ni njia nyingine kabisa, kwa Sheria ya Watoto Namba 6 ya 2011. Nakwenda na mzazi na cheti cha kuzaliwa mkononi, kwa sababu kijana mrefu huandikwa miaka 19 kwa kutazamwa tu.

Asiyeweza kulipa wakili asikate tamaa pale pale. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 wasaidizi wa sheria wanatambuliwa, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi hapa Chake. Msaidizi wa sheria hasimami mahkamani, lakini anaweza kufika kituoni akiwa na jamaa, kuandika saa, na kunipigia. Kwa mtu wa Makangale, mbali huko kaskazini, hiyo ni tofauti ya nusu siku.

Dhamana naiandaa wakati huo huo, si baada ya maelezo. Nawataka wadhamini wawili, kila mmoja na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, nakala yake, na barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, wa shehia anayokaa yeye, si anayokaa mtuhumiwa. Kosa hilo la sheha hurudisha watu nyumbani kila wiki. Dhamana ya polisi hailipiwi. Kwa makosa kama mauaji hakuna ya kuzungumza kituoni.

Milango ikifungwa yote, barua ya pili inakwenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, nakala kwa kamanda wa mkoa na kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka hapa Pemba, zikiambatishwa na ile ya kwanza yenye mhuri au yenye maandishi ya kukataliwa. Saa 24 zikipita kimya, naandaa kiapo cha jamaa kwa ajili ya maombi Mahkama Kuu. Kiapo kinaapwa na aliyeona mwenyewe, si aliyehadithiwa. Hapo ndipo magharibi, msikiti na wale watu wawili wanapohitajika.

Lipo moja linalonishinda nguvu: mtu kuvushwa Bara. Akifika kule anaingia chini ya Sura ya 20, na mimi niliyesajiliwa Zanzibar tu siwezi kumsimamia. Kwa hivyo nikisikia gari imeelekea bandari ya Mkoani, simu ya kwanza ni kwa mwenzangu aliyesajiliwa kule, na ninampelekea picha za barua zangu zote mbili kabla boti haijang'oa nanga.