Miezi sita bila kulazwa

Leo mwanangu ametimiza miezi sita bila kulala wodini. Nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, machozi yananitoka tu. Wenye watoto wa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe za damu kama mundu, mtanielewa: usiku kucha unamkanda miguu kwa kitambaa cha moto, naye anauma shuka ili asiwaamshe wadogo zake.

Anatumia haidroksiyurea. Dawa ni ya zamani, ila kwa miaka mingi wataalamu walihofia kuwapa watoto wa huku kwenye malaria. Ndipo ukafanyika utafiti wa REACH kwa watoto wa Angola, Kongo, Uganda na hapa kwetu Kilifi. Matokeo yalitoka Desemba 2018: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, hata malaria!

Daktari alinieleza hivi. Mtoto akiwa tumboni ana hemoglobini ya kichanga, ambayo haipindi chembe za damu kama mundu. Akishazaliwa, mwili unaizima polepole. Dawa hii inaiamsha tena. Casgevy, tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, inakwenda kwenye swichi yenyewe inayoizima hemoglobini hiyo na kuivuruga. Marekani inauzwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Jamani! Na wagonjwa wengi tuko Afrika.

Jumanne tuna kliniki, atatolewa damu ya kipimo. Ameshaniomba tukitoka nimpeleke uwanjani akacheze mpira. Nimekubali, na chupa ya maji nitaibeba mwenyewe.